Waya Mnene wa Mama Mkwe

Mkomaindo, Masasi
Jumapili, baada ya ibada

Kwa Mama Isabela, Mkunya, Newala

Mama, shikamoo.

Nimeiandika shikamoo hii nikiwa nimeketi mkekani, kwa sababu kumwamkia mkwe ukiwa umejikalia kitini, hata kama yeye yuko Newala na wewe uko Masasi, mimi naona si adabu. Natumaini barua inakukuta mgongo umepungua kuuma na baridi ya huko juu haikuzuii kutoka asubuhi. Mikorosho inasemaje? Hapa maua yameanza, na kila upande mashine za kupulizia salfa zinalia, hata nguo tulizoanika zinarudi ndani na harufu. Sisi hatujambo. Mjukuu wako Gift ameng'oka meno ya mbele, na kila akicheka anaziba mdomo kwa kiganja. Isabela ni mzima wa mwili, lakini moyo wake hautulii, na hilo ndilo lililonishikisha kalamu.

Najua utajiuliza mkweo amepatwa na nini hata akuandikie barua wakati simu zipo. Nilijaribu, Mama. Nilishika simu ya Isabela, nikaliona jina lako, nikairudisha mezani. Tangu nimuoe mwanao sijakaa nawe uso kwa uso hata mara moja, na wewe hujala mbele yangu. Tukikutana njiani mimi huingia mashambani mwa watu kama mwizi wa korosho, nawe hugeuka na kujifunika kanga mpaka nipite. Ndiyo heshima tuliyolelewa nayo, siilalamikii. Lakini mtu anayemkimbia mkwe wake njiani atawezaje kuitia sauti yake sikioni mwake? Karatasi ina haya zaidi. Nimempa Pili akuletee mkononi, na nimemwonya shemeji yangu huyo asiifungue ndani ya basi. Namjua, ataifungua tu.

Jambo lenyewe ni ule ujumbe uliomtuma Pili wiki iliyopita. Alifika na ming'oko yako, ile mizizi mitamu ya porini, tunashukuru sana, akasimama mlangoni, mkono kiunoni, akayatoa maneno yako kama ulivyompa. Kwamba umesikia dada yake anataka kupanda ndege iliyoundwa ghalani hapa Masasi aje nayo mpaka Newala. Kwamba hutampaka unga wa mtama kwenye paji la uso, wala hutaiombea safari hiyo, mpaka uambiwe waya uliomo ndani ya ndege ni mnene kiasi gani, na kama ni ule uliompa wewe. Isabela alikuwa anakuna nazi. Aliacha kukuna, akasema bila unga wa mama yake yeye hapandi.

Basi mambo yamesimama hapo. Kapteni Suleimani, mwenye ndege, hakubishana naye, maana naye ni mtu wa huku na anajua unga wa mama ni kitu gani. Alisema tu kwamba anataka kufika Newala kabla upepo haujawa mkali, na kama fundi wake wa umeme, yaani Isabela, hapandi, atafunga mfuko wa mchanga kwenye kiti cha pili ili uzito uwe uleule. Tangu siku hiyo mke wangu akipita kwenye lundo la mchanga wa jirani anayejenga, analitazama kama mke mwenza.

Nikujulishe kidogo huyo Kapteni, usije ukadhani ni mtu wa kuokotwa. Amerusha ndege za watu maisha yake yote. Alipostaafu alirudi kwao hapa na makasha ya ndege ndogo ya viti viwili, ile ya kujiundia, inayokuja vipande vipande kama kitanda cha kufunga. Akakodi ghala lililoachwa karibu na uwanja wa ndege, akaanza kugonga ribiti, zile pini za kuunganisha bati. Bati, boliti, usukani, vyote aliviweza mwenyewe. Umeme hakuuweza, na sifa yake moja kubwa ni kwamba alilisema hilo waziwazi. Alikwenda chuo cha ufundi kuuliza nani anaujua umeme kweli, wakamwonyesha darasa la mwanao. Anasema alimkuta amesimama juu ya meza akiwagombeza vijana wazima kwa sababu ya kiungo kimoja kilicholegea, akajua amefika.

Sasa turudi kwenye swali lako. Hukuuliza injini, hukuuliza mabawa. Umeuliza waya, na mimi najua kwa nini. Kabla hatujaoana Isabela alinisimulia habari za duka lenu la Newala mjini: jinsi moto ulivyoanzia darini mchana kweupe, jinsi marehemu mumeo, Baba Lameck, alivyoingia ndani akamtoa Isabela begani, mtoto aliyekuwa amelala juu ya magunia ya karanga, na jinsi mkono wa kulia wa mzee ulivyobaki na makovu mpaka tukamzika nayo. Watu wote walisema waya ulikuwa mwembamba. Hata nguzo za umeme zilipofika uani kwako ulikataa, ukabaki na taa yako ya sola, na watu wakakucheka. Mimi sikuwahi kukucheka, Mama.

Kwa hiyo uliposikia Isabela anatia umeme kwenye ndege, ulifanya kama mama. Ulikwenda dukani ukamwambia muuzaji akupe waya mnene kuliko wote alionao. Pili anasema muuzaji alikuuliza kama unafunga mashine ya kusaga, nawe ukamjibu kwamba unamfunga mtoto wako asianguke. Waya ukafika hapa kwangu umeviringishwa, mnene kama kidole gumba, mzito mpaka mwenye bodaboda alilalamika. Niliupokea kwa mikono miwili ingawa hukuwepo kuniona.

Hapo ndipo mimi na mwanao tulipogombana, na nakueleza ili ujue nilisimama upande wako. Mimi nilisema zawadi ya mkwe hairudishwi wala haiwekwi uvunguni. Nilisema kama waya mwembamba uliunguza duka, basi dawa yake ni waya mnene, tena mnene kila mahali, kuanzia injini mpaka taa ya mwisho, na kazi imekwisha. Isabela alisema ndege si duka. Nikamwambia moto ni moto. Akasema mimi ni karani wa mizani wa chama cha ushirika, nibaki na magunia yangu ya korosho. Nilikasirika, nikala ugali nimempa kisogo, na wewe unajua ugali wa muhogo ulioliwa kwa hasira unavyokaa tumboni.

Kesho yake alinichukua ghalani nikaone. Mama, nimeishi na mwanao miaka yote hii, nimemwona akipika, akisali, akilea, akisahihisha mitihani, na nilidhani nimemjua. Siku ile nilimwona mtu mwingine. Ndege ilikuwa imelala pale kama samaki aliyepasuliwa, tumbo wazi, na yeye alikuwa na kamba mkononi. Kila kifaa kilichotaka umeme, alifuata njia yake kwa kamba, akipinda kila kona, akipita kila tundu, kwenda na kurudi. Nilimwuliza kwa nini asikadirie kwa macho kama mafundi wetu wa nyumba. Akanikumbusha mabomba ya maji ya huko kwenu. Aliye karibu na tangi anajaza ndoo na kuondoka. Aliye mwisho wa bomba anasubiri mpaka usingizi unamshika. Maji ni yaleyale, ila njia ni ndefu na bomba ni jembamba. Umeme nao huchoka njiani, akasema. Taa ya kwenye ncha ya bawa ni ndogo, lakini iko mbali, basi waya wake lazima uwe mnene kuliko udogo wake unavyodai, la sivyo itawaka kama macho ya mgonjwa.

Nikafurahi, nikadhani amekubali maneno yangu ya unene. Akanionyesha mita ya mafuta. Hiyo, akasema, inakunywa umeme kama kuku anavyokunywa maji, kwa hiyo waya wake ni mwembamba. Na hapo hapo akanionya kwamba hata huo hakuushusha mpaka mwisho, ingawa hesabu ilimruhusu, kwa sababu ndege inatetemeka muda wote, na waya uliokonda kama uzi hukatikia pale ulipobanwa. Halafu akanionyesha fungu la nyaya zilizofungwa pamoja kupita chini ya kiti, akasema watoto wakilazwa wengi kitanda kimoja wanatoka jasho; nyaya nazo zikibanana hazipati hewa, basi kila mmoja aliuongezea unene kidogo. Hakuna waya hata mmoja aliouchagua kwa mazoea. Kila mmoja aliuuliza unabeba nini, unakwenda wapi, umelala na nani.

Mkubwa kuliko yote ni ule wa stata, unaowasha injini. Kapteni alikuwa ameshatengeneza mahali pa betri nyuma, mkiani. Isabela alimwambia kwa heshima zote kwamba betri ikikaa mkiani, waya wa unene wa kidole utatembea urefu wote wa ndege, nusu ya umeme uishie njiani na uzito wake ubaki. Akaiomba betri isogezwe mbele, karibu na injini. Yule mzee hakupenda. Alipiga upya hesabu zake za mizani ya ndege. Kesho yake tulimkuta ameshang'oa kibati cha betri mkiani na ananung'unika peke yake kwamba mwanamke huyu atamtia adabu uzeeni.

Bado nilikuwa na neno moja, maana mimi si mtu wa kushindwa mapema. Nilisema basi waya wa Mama utumike hapo kwenye stata. Aliuchukua waya wako, akaukunja mara kadhaa mbele yangu, akanionyesha jinsi nyuzi zake za ndani zilivyo chache na ngumu. Nyumbani waya haukunjwi wala hautikiswi, umelala ukutani maisha yake yote. Kwenye injini inayotetemeka hizi zitavunjika moja moja, na wewe usijue. Kisha akachoma kipande cha ganda lake kwa kiberiti. Ulitoka moshi mweusi mzito uliotukohoza sote. Akaniambia kwenye ndege hakuna mlango wa kukimbilia, ndiyo maana nyaya zake wanaagiza za namna nyingine, za nyuzi nyingi laini na ganda lisilotoa moshi wa kuziba pumzi.

Jumamosi moja alasiri alifanya jambo ambalo mimi nitalisimulia mpaka nizeeke. Alitoa meza nje nyuma ya nyumba, akaweka betri, ndoo ya mchanga, na vipande vya nyaya za ndege, akaanza kuvilemeza kwa umeme makusudi mpaka vishindwe. Alitaka kuuona kwa macho yake kila waya unavyokufa. Waya wa kwanza ulipoanza kunuka, Mama, nilimwona akishika ukuta. Ile harufu. Mtoto aliyetolewa begani kwenye harufu ile, leo ameiita mwenyewe nyumbani kwake. Nilimwambia aache, atafute mtu mwingine wa kufanya kazi hiyo. Alijifuta uso kwa upindo wa kanga, akasema hawezi kumkabidhi mtu ndege yenye waya ambao yeye hajauona ukishindwa. Akafunga kipande kingine. Mimi nilisimama pale na ndoo yangu ya mchanga, nikamshukuru Mungu kwa mke niliyepewa.

Naomba sehemu hii uisome ukiwa umekaa. Alichukua waya mmoja, akaukata vipande viwili sawasawa. Cha kwanza alikiwekea breka inayolingana nacho, ile swichi ndogo inayojikata yenyewe umeme ukizidi. Alipokilemeza, breka iliruka mara moja, na waya nikaushika kwa vidole, haukuwa hata na uvuguvugu. Cha pili alikiwekea breka kubwa kupita kiasi. Hiyo haikuruka. Ilitulia tu pale, na waya ukawa mwekundu kama kaa la moto. Waya uleule, unene uleule. Ndipo aliponiambia kilichotokea dukani kwenu. Fyuzi ilikuwa inakatika kila jokofu na pasi vikiwashwa pamoja, na kila mtu alichoshwa nayo, mpaka aliyekuja kutengeneza akaweka kipande cha waya mnene mahali pa fyuzi ili isikatike tena. Haikukatika tena. Fyuzi ile ilikuwa inasema kweli, wakaiziba mdomo. Isabela amelijua hili tangu akiwa mwanafunzi. Hakukwambia, akihofia utadhani anamlaumu marehemu baba yake. Hamlaumu, Mama, wala mimi simlaumu. Wenye maduka wote wa mtaa ule walifanya vilevile.

Nami, kwa kuwa mizani ndiyo lugha yangu, nilibeba nyaya zote alizozipanga nikaenda kuzipima. Kisha nikapiga hesabu ya zile ambazo mimi ningeziweka, nene kila mahali. Za kwake zilikuwa na uzito wa kuku wawili walionona. Za kwangu zingekuwa karibu mfuko mzima wa saruji. Kwenye ndege ile, kwa mujibu wa Kapteni, uzito huo ni mafuta ya kurudia nyumbani. Nilirudi nikamwomba mke wangu msamaha. Hakunicheka. Aliniuliza tu kama mizani ya ushirika ilikuwa haijachezewa.

Siku ya kuwasha injini kwa mara ya kwanza nilikuwepo. Ndege ilikuwa chini, imefungwa kwa kamba, Kapteni kiti cha kushoto na Isabela amesimama pembeni ya mlango. Injini ikaunguruma vizuri, ghala zima likatetemeka. Taa kubwa ya mbele ya bawa ilipowashwa, breka yake ikaruka. Kapteni, kwa mazoea ya wazee wa kazi, alinyoosha kidole aibonyeze irudi. Isabela akamshika mkono. Mtu mzima yule, rubani aliyebeba mawaziri, alishikwa kifundo cha mkono na mwanao mbele yetu sote, akaambiwa azime injini, aliyesema kweli asikilizwe kwanza. Nilidhani mzee atakasirika. Alizima. Walifungua bawa, wakakuta kibanio kimoja kimeteleza na waya umesuguliwa na ukingo wa bati mpaka ukagusana nalo. Isabela aliingiza pua mle ndani, akanusa waya wote kuanzia mwanzo hadi mwisho kama anavyonusa samaki sokoni. Hakukuwa na harufu yoyote. Moto ulikuja, Mama, ukabisha hodi, ukakuta mwanao amekwisha kufunga mlango. Akakaa chini sakafuni akacheka, kisha akalia, na Kapteni akavua kofia.

Tangu hapo mkaguzi wa mamlaka ya usafiri wa anga amekuja, akavuta kila waya, akapekua kila kona, akatoa kibali. Kapteni ameirusha peke yake juu ya Masasi mara kadhaa, na Gift hupiga kelele mpaka majirani wanatoka nje. Isabela hubaki chini akisikiliza, shingo imeinuka, midomo inatembea. Wengine wanadhani anasali. Anataja nyaya, mmoja mmoja.

Sasa nifike kwenye lililonifanya nikae mkekani. Isabela amejaribu kukwambia kwenye simu, kila mara ulimi unakuwa mzito, anaishia kuuliza habari za mikorosho. Mimi ni mkwe, na mkwe hasemi uongo kwa mkwe wake hata kwa kunyamaza. Mama, waya wako haumo ndani ya ndege. Hakuna hata kipande. Uliuliza kama ni ule uliompa wewe, na jibu ni hapana. Kama unga wako ulikuwa unategemea hilo, basi najua ninachokiharibu kwa mkono wangu mwenyewe.

Lakini usiikunje barua bado. Nilikuwa nimeuficha waya ule nyuma ya kabati kwa aibu. Isabela aliutafuta mwenyewe. Ndege ikikaa juani na kupigwa na upepo, na mafuta yakimiminwa, bati lake hujikusanyia umeme mdogo, ule unaorusha cheche ukivua sweta asubuhi ya baridi huko kwenu. Cheche moja ya namna hiyo karibu na mafuta, tumekwisha. Kwa hiyo kabla tone la mafuta halijamwagwa, ndege lazima ishikishwe ardhi. Isabela aliumenya waya wako ganda lote, ikabaki shaba tupu, inang'aa. Akachimba shimo mbele ya ghala mpaka kwenye udongo wenye unyevu, akafukia chuma, akaufunga waya wako hapo kwa nguvu zake zote. Mwisho wake wa juu una kibanio. Unene ule ambao ndani ya ndege ulikuwa mzigo, hapo ndipo mahali pake: unakanyagwa, unavutwa, unanyeshewa, na haukatiki. Kipande cha pili Kapteni amekipeleka Newala, kimefukiwa pembeni ya uwanja, kinangoja.

Kila safari, kitu cha kwanza kuishika ndege ile ikitua ni waya wako, na kitu cha mwisho kuiachia kabla haijaruka ni waya wako. Hakuna anayegusa mafuta kabla haujabanwa. Kapteni mwenyewe amezoea kuuliza kwa sauti kama Mama ameshika, na mpaka ajibiwe kwamba Mama ameshika, hafungui dumu.

Ulimwambia yule muuzaji kwamba unamfunga mtoto wako asianguke. Umemfunga, Mama. Sasa tunakuomba uje umfungue. Njoo Masasi na unga wako. Umpake mwanao kwenye paji la uso, uiombee safari yake, kisha ukitoe kibanio kwa mkono wako mwenyewe, maana Isabela amekataza mkono wa mtu mwingine usikiguse siku hiyo. Pili atawatangulia Newala akamshike kule kwa kile kipande cha pili cha waya wako. Na ukiona bado hapana, basi tutaufunga ule mfuko wa mchanga, na hakuna atakayekununia.

Kuhusu mimi usiwe na wasiwasi. Nitakuwa nyuma ya ghala, nimegeukia ukutani, hutaniona wala sitakuona. Nitaisikia tu injini, nami nitajua kwamba umeshaachia.

Wasalimie wote wa Mkunya, na wazee wa kanisani. Gift anakuamkia, anasema umwekee karanga laini kwa sababu ya meno. Isabela hajui kama nimeandika, kwa hiyo salamu zake nimezichukua bila ruhusa. Ni nyingi kuliko zilizoenea hapa.

Ni mimi mkweo, nikiwa mkekani,

Anderson